Mabomba ya rangi kwenye terminali: fungueni faili lake mlisome

Habari za jioni wadau, karibuni, mliosimama mlangoni ingieni tu, viti vipo huku mbele. Hicho mnachokiona kinatembea ukutani sio video na wala sijaunganisha intaneti, ni programu inaitwa pipes.sh, inakimbia humu humu kwenye terminali mnayoandikia ls na cd kila siku, na kazi yake ni moja tu, inachora mabomba. Bomba linaanzia katikati ya skrini, linatembea, linakata kona, likifika ukingoni linapotea linatokea upande wa pili na rangi nyingine, inaenda hivyo hivyo mpaka imechora za kutosha halafu inafuta yote inaanza upya. Walioanza kompyuta kwenye zile internet cafe za zamani watakumbuka mabomba ya 3D Pipes ya Windows, haya ni ya ukoo huo huo ila huku hakuna picha hata moja, ni herufi tupu zimepakwa rangi.

Nimeombwa niwaonyeshe namna ya kuitumia na nitawaonyesha, haichukui muda. Ila ninachokitaka hasa jioni ya leo ni kwamba mkifika nyumbani mulifungue hilo faili mlisome, maana kwa mtu anayejifunza Linux sijaona kitu kidogo kinachofundisha terminali vizuri kama hiki, na watu wengi wanakitazama dakika mbili wanasema ah mchezo huo, wanafunga. Inaniuma kidogo hiyo.

Haya, kuipata. Kuna distro, yaani matoleo ya Linux, zinayo tayari kwenye hazina zake za programu, lakini mimi nawashauri mchukue faili lenyewe kwenye GitHub, mradi unaitwa Pipeseroni, aliyeianzisha ni Matthew Simpson halafu Yu-Jie Lin akaja kuilea na kuiongezea mambo mengi, na leseni yake ni MIT kwa hiyo mnaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha, kuigawa, hakuna wa kuwauliza. Faili moja tu, skripti ya bash, yaani orodha ya amri za ile programu inayosoma mnachoandika kwenye terminali, hakuna kukompaili chochote. Ukishaliweka kwenye folda yako unaandika:

bash pipes.sh

Imeanza. Ukitaka kutoka bonyeza kitufe chochote ambacho hakina kazi maalumu, inajifunga yenyewe inakurudisha ulipokuwa. Ukiiacha hivi hivi inachora bomba 1, kwa kasi ya fremu 75 kwa sekunde, na inafuta skrini kila ikishachora herufi 2000. Hivyo vyote vinabadilishika. -p ni idadi ya mabomba, -f ni kasi, -r ni herufi ngapi ndio ifute, na ukiweka -r 0 haifuti kabisa inajaza tu juu kwa juu, -R mabomba yaanzie popote badala ya katikati. -t ni aina ya mstari, 0 ni mstari mnene, 1 ni mwembamba wenye kona za mviringo, 3 ni mistari miwili miwili. Na -c ni rangi, unaweza kuirudia mara nyingi upendavyo, kwa mfano hii hapa:

bash pipes.sh -p 6 -t 1 -f 40 -c 2 -c 3 -c 4

Rangi 2 ni kijani, 3 ni njano, 4 ni bluu, na nyeusi ni skrini yenyewe, kwa hiyo hapo mna bendera yetu inatembea ukutani. Naona mmeipenda.

Kitu kingine, wakati inakimbia unaweza kuichezea bila kuizima. Herufi kubwa F inaongeza kasi, D inapunguza, P inafanya bomba lipende kwenda moja kwa moja, O linazidi kupindapinda, C inazima rangi zote na kuziwasha tena. Jaribuni C hasa, mkiona mabomba bila rangi mtaelewa rangi inafanya kazi kiasi gani pale.

Kama ukiiwasha unaona takataka badala ya mistari, alama za kuuliza au vidude visivyoeleweka, usiilaumu programu, terminali yako haijawekwa UTF-8, ule utaratibu wa kuonyesha alama za kila aina. Andika locale uangalie. Na kama upo kwenye mashine ambayo huwezi kuibadilisha, tumia -t 4, hiyo inachora kwa alama za kujumlisha na vistari vya kawaida vya kibodi, inatembea popote pale hata kwenye terminali kuukuu.

Sasa tuifungue. Andikeni less pipes.sh, less ni programu ya kusomea faili, msiogope, hata kama bash hamjaizoea twendeni taratibu, nitawaonyesha sehemu moja tu na nitakaa hapo kwa sababu ndio moyo wake. Karibu na mwanzo mtaona mistari ya namna hii:

┃┏ ┓┛━┓  ┗┃┛┗ ┏━

Hiyo ni aina namba 0, yaani mchoro wote mlioutazama ukutani tangu muingie umetoka kwenye hizo alama 16. Kwa nini 16? Bomba lina njia 4 za kwenda, programu inazipa namba, juu ni 0, kulia ni 1, chini ni 2, kushoto ni 3. Kila hatua inajiuliza maswali mawili, nilikuwa naelekea wapi na sasa nataka kuelekea wapi, njia 4 mara njia 4 ni 16. Inachukua namba ya ulikotoka inazidisha kwa 4 inajumlisha namba ya unakokwenda, jibu ndio nafasi ya alama ya kuchora, ukianza kuhesabu na 0. Tuseme bomba lilikuwa linapanda juu, 0, linataka kukata kulia, 1. Sifuri mara 4 ni sifuri, jumlisha 1, nafasi ya 1. Hesabuni pamoja nami, nafasi ya 0 ni ┃, nafasi ya 1 ni ┏. Si ndio kona ya kutoka chini kwenda kulia hiyo? Tuseme nyingine, lilikuwa linaenda kulia, 1, linataka kushuka, 2. Moja mara 4 ni 4, jumlisha 2, ni 6, nafasi ya 6 ni ┓. Imekaa penyewe.

Halafu angalieni zile nafasi tupu, zipo 4, ni ya 2, ya 7, ya 8 na ya 13. Mtu anaweza kudhani ni makosa ya uandishi, lakini fanyeni hesabu, nafasi ya 2 ni ulikuwa unapanda juu ukageuka kushuka chini papo hapo. Nafasi ya 7 ni ulikuwa unaenda kulia ukageuza kushoto. Bomba haliwezi kujirudia juu ya mgongo wake, kwa hiyo hizo nafasi hazitumiki kamwe na aliyeandika ameziacha wazi ili hesabu isivurugike. Hakuna if elfu moja, hakuna kama-inaelekea-huku-chora-hiki, ni mstari mmoja wa alama na kuzidisha kwa 4. Mimi kila nikiufungua huo mstari nafurahi upya, na nimeona watu waliosoma programu miaka mitatu chuoni wakiandika kazi hiyo hiyo kwa kurasa mbili.

Na uzuri wa ziada ni kwamba unaruhusiwa kuweka alama zako 16. Unaandika -t kisha herufi c ikifuatiwa na alama zako, zote ndani ya nukuu kwa sababu kuna nafasi tupu:

bash pipes.sh -p 3 -t 'c│o oo─o  o│oo o─'

Nimeacha njia zilizonyooka kama zilivyo, ila kila kona nimeweka o, mnaona? Limekuwa kama uzi wenye shanga. Mtu akikaa na hiyo jioni moja anatoka na mapambo yake mwenyewe, na wakati huo huo ameelewa jedwali la kutafutia ni nini, yaani unapiga hesabu ya nafasi na jibu unalikuta limeshapangwa hapo, kitu ambacho atakikuta tena kwenye michezo, kwenye kompaila, kwenye mambo makubwa kabisa.

Bahati nasibu nayo ipo. Bomba linaamuaje kukata kona? Bash ina kigeu kinaitwa RANDOM, kila ukikiita kinakupa namba kati ya 0 na 32767. Programu inachukua namba hiyo inazidisha kwa 13, inagawa kwa 32768 na kuacha namba nzima tu bila desimali, inatoa 1. Ukipiga hesabu majibu ni kuanzia -1 mpaka 11, yaani majibu 13, na ikija -1 peke yake ndio bomba linakata kona, mengine yote linanyooka. Kwa hiyo ni mara 1 kati ya 13. Hiyo 13 ndio inayobadilishwa na -s, unaweza kuishusha mpaka 5 bomba likawa linajinyonganyonga, au kuipandisha mpaka 15 likawa linakimbia mbali kabla ya kupinda. Namba moja tu inabadilisha tabia ya mchoro mzima, jaribuni -s 5 na -s 15 mfululizo mtaona.

Dada yangu pale nyuma ameuliza rangi zinaingiaje wakati terminali ni ya maandishi. Swali zuri sana hilo na jibu lake ni la zamani kuliko wengi wetu humu ndani. Mwaka 1978 kampuni ya Digital ilitoa terminali inaitwa VT100, skrini na kibodi tu, kompyuta yenyewe ilikuwa chumba kingine, na ili kompyuta iweze kuiambia skrini peleka kimstari kinachowakawaka sehemu fulani au futa hapo, ilikuwa inatuma herufi namba 27, ile ya kitufe cha Esc, ikifuatiwa na mabano ya mraba na namba. Mwaka 1979 utaratibu huo ukawekwa kwenye kiwango cha ANSI. Terminali yako ya leo kwenye laptopu mpya au kwenye simu bado inajifanya ni mtoto wa ile VT100, na bado inaelewa amri zile zile. Rangi ni namba 30 mpaka 37, 31 nyekundu, 32 kijani, 33 njano na kuendelea, na 0 ni rudisha kawaida. Andikeni hii:

printf '\e[31mMambo vipi\e[0m\n'

Imetoka nyekundu. Hapo hamjatumia programu yoyote ya michoro, mmetuma herufi tu na terminali imeelewa. Baadaye zikaongezwa rangi 256, ambazo ni 16 za msingi, 216 za mchanganyiko wa 6 mara 6 mara 6, na 24 za kijivu, na terminali nyingi za sasa zinafika mpaka zaidi ya milioni 16. Ukitaka kujua yako inasemaje andika tput colors.

Na sasa mna kila kitu cha kuandika yenu. Nimeileta hii hapa makusudi, mstari mmoja, wa nyota:

while sleep 0.02; do printf '\e[%d;%dH\e[3%dm*' $((RANDOM%LINES+1)) $((RANDOM%COLUMNS+1)) $((RANDOM%7+1)); done

Andikeni clear kwanza halafu mpige huo. LINES na COLUMNS ni urefu na upana wa dirisha lako, bash yenyewe inazijua. Ile H ni amri ya nenda mstari wa ngapi safu ya ngapi, ile m ni rangi, halafu nyota. Ctrl na C inasimamisha. Hiyo ndio skrinseva yenu ya kwanza, yaani mchoro wa kutembea kwenye skrini isiyotumika, na mmeiandika wenyewe, badilisheni nyota, badilisheni 0.02, badilisheni 7, muione inavyogeuka.

Mkishaisimamisha mtaona rangi imebaki kwenye maandishi yenu, kila mnachoandika ni cha zambarau au cha kijani. Ni kawaida, skripti yetu haijasafisha. Andika reset, hata kama huoni unachoandika, kisha Enter, inarudi sawa. Na hapa ndipo mtaiheshimu pipes.sh, kwa sababu yenyewe inapoanza inaficha kile kimstari cha kuandikia na kuhifadhi skrini uliyokuwa nayo, na inapotoka inavirudisha vyote, kwa kutumia trap ya bash, amri ya kusema nini kifanyike programu ikikatishwa, hata ukiikatisha kwa Ctrl na C inakumbuka kusafisha. Isipokuwa ukiiua kwa kill -9, hapo haipewi nafasi ya kusema chochote, kwa hiyo ukifanya hivyo ujue reset inakuhusu. Tafuteni neno trap kwenye faili, na neno cleanup, someni hapo. Skripti zenu nyingi za kazini zitahitaji kitu hicho hicho, faili za muda zisibaki zimezagaa mtu akikatisha katikati.

Kaka hapa mbele anasema skrinseva siku hizi zina faida gani. Nijibu kwa ukweli, kuilinda skrini yenyewe ni kidogo sana. Zamani skrini zilikuwa za ule mkia mkubwa nyuma, ndani zimepakwa unga unaong'aa, picha ikikaa pale pale muda mrefu inaacha alama ya kudumu. Ndio maana Atari 400 na 800 za mwaka 1979 zilikuwa zikiachwa bila kuguswa kama dakika 9 zinaanza kubadilisha rangi zenyewe, na Desemba 1983 John Socha akachapisha kwenye jarida la Softalk programu ya IBM PC inaitwa SCRNSAVE, ilikuwa inaifanya skrini kuwa nyeusi baada ya dakika 3. Upande wa Unix, Jamie Zawinski akatoa XScreenSaver mwaka 1992 na mpaka leo ipo. Skrini za LCD hazina shida hiyo kwa kiwango kile, OLED zinaweza kuungua bado, lakini hata hapo kuzima skrini ni bora kuliko kuchora juu yake. Na inakula umeme, msidanganyike, processor inafanya kazi mara 75 kila sekunde, ukiwa unatumia betri na umeme umekatika usiache mabomba yanatembea.

Kubwa kuliko hayo ni usalama, na hapa naomba mnisikilize. Pipes.sh haifungi kompyuta. cmatrix nayo, ile ya herufi za kijani zinazoshuka, aliyoiandika Chris Allegretta, huyo huyo aliyetuletea nano, ile programu tunayoandikia faili, nayo haifungi, ukiiwasha kwa -s ndio kabisa kitufe cha kwanza tu mtu anachogusa inatoka na yupo ndani ya akaunti yako. Wanaotumia tmux, programu ya kugawa terminali moja iwe nyingi, wanapenda kuweka hivi kwenye mipangilio yake:

set -g lock-after-time 300
set -g lock-command "cmatrix -s"

Baada ya sekunde 300 bila kugusa inawaka, inapendeza, lakini ile lock-command jina lake linasema kufunga na hapo haijafungwa chochote. Ukiondoka kwenye kiti na unataka nenosiri liulizwe, kwenye koni ya Linux, ile skrini ya maandishi matupu isiyo na desktop, tumia vlock -a, na kwenye desktop tumia kifungio cha desktop yenyewe. Nimeona ofisini mtu anaenda kula akiwa ameacha mabomba yanazunguka kwenye terminali ya root, akaunti yenye mamlaka yote, ya seva ya malipo, watu wanapita wanasema pazuri hapo. Siku hiyo hakikutokea kitu, ila ilinitosha.

Na kwenye seva ya mbali mnayoingia kupitia mtandao kwa SSH msiiwashe, tafadhali. Kila herufi moja inakuja na rangi yake na mahali pake, tuseme baiti 20, mara 75 kwa sekunde, mara sekunde 3600, ni megabaiti 5 na ushee kwa saa, hapo sijahesabu mzigo wa SSH wenyewe ambao kwa vipande vidogo vidogo namna hii ni mkubwa kuliko data. Bando lako linaenda kuchora mabomba ambayo ungeyachora bure kwenye mashine iliyo mbele yako.

La mwisho kabla ya maswali, vitu vinavyowakawaka kwa kasi vinaweza kumwamshia kifafa mtu mwenye tatizo hilo. Miongozo ya tovuti inasema kisimemete zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Mabomba kwa kawaida yanaenda taratibu hayamemeti, lakini mkianza kuandika zenu, hasa zile za kubadilisha rangi ya skrini nzima kwa mkupuo, na mkaziweka kwenye projekta mbele za watu, punguzeni kasi kwanza na muulize.

Mdogo wangu mwenye shati la bluu anauliza wasio na laptopu wafanyeje. Termux, programu inayowapa terminali ya namna hii kwenye simu ya Android. cmatrix unaipata kwa pkg install cmatrix, na pipes.sh inakimbia kwa bash pipes.sh kama hapa tu, geuza simu ilale ili upate safu nyingi, na hata ule mstari wa nyota unaenda bila kubadilisha kitu. Less nayo unayo humo kwa hiyo kusoma faili hakukushindi, tena kwenye simu utasoma kipande kwa kipande ambayo sio mbaya.

Faili ninalo hapa kwenye flashi na nimeliweka pia kwenye hii laptopu kwa hotspoti isiyo na intaneti, kwa hiyo msitumie bando zenu, wenye Termux njooni meza hii ya kushoto tulihamishe, wenye laptopu pangeni foleni kwa flashi, na yeyote atakayetengeneza alama zake 16 aje aziwashe hapa kwenye projekta tuzione.